Inalia Sawasawa Toka Omo Hadi Tezi

Kisiwani,
11 Februari

Fundi wangu,

Pokea salamu za shangazi yako, uwagawie walio nyumbani kila mtu fungu lake. Mama watoto umpe kubwa, maana ndiye anayekuvumilia. Mimi ni mzima. Goti la kushoto linajua mvua kabla ya mawingu, lakini hilo si ugonjwa tena, ni mazoea. Kuku wamebaki watano. Wa sita ameondoka bila kuaga, na kenge tunamjua. Nyumba ya juu mlimani nayo imefungwa mwezi uliopita. Wamehamia ng'ambo kwa sababu ya shule ya watoto, kwa hiyo kisiwa kizima tumebaki kaya tisa. Jirani wa karibu ni Seremala, naye unamkumbuka: akianza kusimulia, randa inapata kutu mkononi.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Wiki iliyopita nimepata posta bahasha ya kahawia yenye nembo ya kiwanda chenu. Nilidhani umekosa bahasha ya kwako ukaazima ya ofisi. Nikaifungua pale pale mlangoni, nimesimama. Si wewe. Ni ilani ya usalama, kurasa mbili, imepigwa chapa, inaanza na "Ndugu Mteja". Miaka miwili sijaona mwandiko wako, na wa kwanza kuniandikia kutoka huko ananiita Ndugu Mteja.

Nimeisoma mara tatu. Nakueleza inavyosema, ingawa wewe ndiwe unayefanya kazi humo, kwa sababu mtu huelewa jambo vizuri anapomweleza mwenzake. Ganda la boti ya faiba ni kitambaa kilicholoweshwa gundi. Nyuzi ndizo zenye nguvu. Gundi kazi yake ni kuzishika zisihame. Nyuzi zikibaki kavu ndani, ganda litang'aa kwa nje kama sahani, kumbe ndani ni godoro, na siku moja linaweza kufunguka kwenye mkuku, pale chini katikati, bila kubisha. Wanasema boti namba 4402 hadi 4427 ziache kutumika mara moja. Nimekwenda nyuma kwenye tezi, upande wa kulia, nikafuta tope. Hii uliyonitumia kwa lori hadi gatini ng'ambo, mwezi ule alipofariki mume wangu, ni namba 4417.

Lakini ilani inasema pia kwamba mteja apime mwenyewe kwanza. Achukue sarafu au nyundo ndogo, agonge ganda kila baada ya shubiri moja, asikilize. Pazima patalia kama mlango mgumu. Pabovu patalia kama boga lililooza, hapo aweke alama ya chaki. Nimefanya hivyo asubuhi nzima kwa mpini wa kisu, toka omo mbele hadi tezi nyuma, mbavu zote mbili. Inalia sawasawa kote. Chaki imerudi ndani ya boksi nzima kama ilivyotoka. Nimejaza fomu yao "Hakuna hitilafu", nimetia sahihi, na Jumanne nitavuka kwenda sokoni kama kawaida.

Usinipigie simu. Simu imekufa, na hata ilipokuwa hai mtandao wa huku ni wa kubahatisha. Andika. Zamani ulikuwa unaandika vizuri.

Akupendaye siku zote,
Shangazi yako


Mjini,
2 Machi

Shikamoo Shangazi,

Na shikamoo nyingine kwa ile miaka miwili ambayo sikukuamkia. Sina la kujitetea. Barua hii nimeianza mara nne.

Mama watoto anakusalimu, anasema fungu lake limefika na ni kubwa kweli. Binti yetu ameng'oka meno mawili ya mbele kwa siku moja. Sasa anakuita Thangathi, na ukimcheka anakwambia "thi vizuri." Tumehamia chumba kingine mtaa ule ule, ghorofa ya pili, dirisha linatazama ukuta. Mimi siku hizi niko stoo. Nahesabu makasia na maboya. Kazi nyepesi, kivulini, silalamiki.

Shangazi, kuhusu ile ilani. Nakuomba kwa heshima zote usiitume hiyo fomu, na usivuke na hiyo boti, hata Jumanne moja. Ilani haikuandikwa kumtisha mtu.

Halafu nieleze tena kitu kimoja. Umesema inalia sawasawa toka omo hadi tezi. Chini ya sakafu ya boti kuna mataruma, zile mbavu za kukaza ganda, nane, nilizipanga mwenyewe. Ukigonga juu ya taruma inalia vipi? Na ukigonga katikati ya taruma na taruma, inalia vipi? Niandikie hayo mawili tu.

Simu imekufa lini? Kama ni betri nitakutumia.

Mwanao,
Fundi


Kisiwani,
20 Machi

Fundi mwenye maswali,

Marahaba, zote mbili. Mwambie Thangathi mdogo kwamba mimi nilipong'oka ya mbele niliwaambia watu nimeyaweka akiba, na sasa uzeeni naona ningeyaweka kweli. Huku mvua imekuja kwa pupa, ikabomoa kingo za bustani, ikatulia. Seremala ametengeneza kabati ambalo halipiti mlangoni kwake. Alijenga kwa ndani. Nimemwuliza atalitoaje, akasimulia dakika kumi nzima na mikono yote miwili, mimi nikaitikia kwa kichwa.

Fomu nimekwisha kuituma. Ilikuwa na stempu tayari, na mimi si mtu wa kupoteza stempu ya bure.

Swali lako limenichekesha. Mwalimu wa sayansi wa miaka thelathini na moja anaulizwa swali la kidato cha pili na mtoto aliyemfundisha kufunga kamba za viatu! Juu ya taruma inalia ngo. Katikati ya taruma na taruma inalia ngo. Ndiyo sifa ya kitu kizima, hakina maneno mawili. Umeridhika?

Ni kweli inatoa jasho kidogo. Kopo mbili kwa safari moja, lile kopo la maziwa ya unga. Marehemu mume wangu alikuwa na boti ya mbao iliyokuwa inakunywa kopo ishirini, na alikufa kitandani.

Unaniomba nisivuke. Nikuulize, Fundi, nisipovuka nifanye nini? Nikiamka nafagia madarasa. Shule imefungwa mwaka wa tatu huu na hakuna aliyeniomba nifagie, lakini popo wakishazoea mahali, kuwatoa ni kazi. Nikimaliza ni saa nne, siku yote iko mbele yangu. Jumanne ndiyo siku yenye umbo. Navuka asubuhi, napita posta, nanunua chumvi hata kama ipo, halafu nakaa kwenye benchi la baraza ya fundi cherehani mpaka saa saba. Watu wanapita, wananipungia mkono, nawapungia. Hakuna zaidi ya hapo. Lakini saa hizo tatu nawaona watu wanaoishi, nami narudi nazo nyumbani, natumia kidogo kidogo mpaka Jumanne nyingine.

Sasa ni zamu yangu ya kuuliza. Mikono ile uliyorithi kwa baba yako, iliyokuwa inatandika faiba bila kuacha hata puto moja la hewa, inafanya nini stoo? Mtu hatolewi kwenye brashi akapewa maboya ayahesabu pasipo sababu. Umekosana na nani?

Betri usitume.

Shangazi yako


Mjini,
3 Aprili

Shikamoo Shangazi,

Sote wazima. Binti amepewa nafasi ya kusoma mbele ya darasa, amesoma kwa sauti mpaka jirani akagonga ukuta.

Sikukosana na mtu. Stoo kulikuwa na upungufu wa watu.

Naandika haraka kwa sababu kiwanda kimetoa njia nyingine ya kupima, bora kuliko ile ya kugonga. Ile ya sarafu imeonekana ina udhaifu wake, imewachanganya wateja wengi. Hii mpya ni ya macho na ya mkono.

Chukua darasa moja pale shuleni, lile la mwisho lenye madirisha ya mbao na mlango wa mbawa mbili. Seremala na wenzake wakubebee boti waiingize humo, wailaze ubavu. Funga madirisha mpaka kuwe giza. Weka taa ya betri ndani ya boti, wewe usimame nje yake. Boti yako hatukuipaka rangi nzito, kwa hiyo mwanga utapenya. Palipokunywa gundi vizuri utaona rangi ya asali. Palipo pakavu utaona weupe, kama pumzi kwenye kioo. Halafu weka kiganja ndani ya ganda, Seremala agonge kwa nje mkabala na mkono wako. Pazima patakurudishia pigo kiganjani. Pabovu patalimeza.

Si lazima usikilize chochote.

Mpaka ufanye hivyo, Shangazi, usivuke. Nakupigia magoti. Kopo mbili si jasho.

Fundi


Mjini,
8 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Wiki tano sijapata jibu. Kila siku nikitoka kazini napitia sanduku la barua chini ya ngazi, na mama watoto akiniona napanda mikono mitupu ananiwekea chai.

Juzi nimepiga simu duka lile la gatini, ng'ambo ya kwako. Aliyepokea akauliza, "Ni nani mwenzangu?" Nikamwambia ni mtoto wa kaka yake Mwalimu wa kisiwani. Akasema, "Aa! Bibi wa Kopo!" Nikamwuliza kwa nini anakuita hivyo. Akasema, "Si anakuja kila Jumanne, mkono mmoja kwenye usukani, mkono mmoja anateka maji! Juzi nimemwambia, Bibi, ile boti itakuzamisha, akanicheka tu, akanipungia mkono. Ana roho ngumu yule." Nikamwuliza anateka kopo ngapi. Akasema, "Ndugu yangu, mimi ninauza sukari. Sihesabu maji ya watu."

Shangazi, nimekaa na jambo hili muda mrefu. Sasa naona kukaa nalo kutakuua wewe, si mimi.

Kwenye chumba cha kuchanganyia gundi kuna kibao ukutani chenye pande mbili. Upande mmoja una vipimo vya dawa ya kugandisha kwa miezi ya baridi, upande wa pili kwa miezi ya joto. Joto likiingia, dawa hupunguzwa, la sivyo gundi huganda kabla nyuzi hazijashiba. Mwenye ufunguo wa chumba ndiye anayekigeuza. Ufunguo ulikuwa kwangu.

Taarifa ya msiba iliponifikia niliomba ruhusa, nikapewa siku nne. Nilifika stendi. Nilikaa kwenye benchi na begi langu mpaka basi likajaa, kondakta akaniita mara mbili, likaondoka. Sikuweza kuja kukukuta umekaa peke yako kwenye ile nyumba. Nilirudi kiwandani jioni ile ile, nikamwambia msimamizi nataka kutengeneza boti ya shangazi yangu, aniache niifanye mwenyewe. Akaniacha. Boti yako yote niliitandika kwa mikono yangu, sikumruhusu mtu aguse hata brashi. Na siku hizo zote joto lilikuwa limeingia, na kibao kilikuwa kinaonyesha baridi, nami nilikuwa nakipita nikiingia na nikitoka. Siku kumi na moja. Maganda ishirini na sita.

Januari hii moja lilifunguka na wavuvi wawili ndani. Waliogelea, wako hai. Mafundi wakuu walitafuta sababu wiki mbili, wakalaumu nyuzi, wakalaumu gundi. Nikaenda ofisini nikawaambia ni kibao, na kibao ni mimi. Ndiyo sababu kuna ilani, na ndiyo sababu niko stoo. Bahasha yako niliitia mwenyewe kwenye sanduku la posta. Nilitaka kuongeza mstari mmoja kwa mkono wangu. Sikuweza.

Kwa hiyo sihitaji upime. Najua kilichomo ndani.

Na jambo la pili. Ganda zima halilii sawasawa, Shangazi. Halijawahi. Wewe ndiwe uliyenifundisha kwa nini. Siwezi kuandika zaidi ya hapo, na wewe huna lazima ya kujibu.

Nina likizo kuanzia tarehe 12 Julai. Nikija, utanipokea?

Fundi


Kisiwani,
12 Juni

Fundi, mtoto wa kaka yangu,

Marahaba. Nimeketi darasa la mwisho ninapoandika, kwenye dawati la mbele, kwa sababu nyumbani meza imejaa vumbi la faiba na linawasha. Kuku ni wanne. Seremala amevunja ukuta kutoa kabati. Wengine wote wazima.

Nitakueleza kwa mpangilio, maana jambo likielezwa ovyo huumiza mara mbili.

Barua yako ya Aprili niliipata, nikakasirika. Nilijua umenidanganya. Kiwanda kimejuaje kwamba shule yetu ina darasa lenye madirisha ya mbao na mlango wa mbawa mbili? Nilielewa umetunga ile njia usiku na mchana ili nisilazimike kusema. Mtu akikufunika nguo mbele za watu unashukuru, lakini kwanza unaona aibu kwamba ulikuwa uchi. Nikakaa na aibu yangu, sikujibu, nikaendelea kuvuka. Ilikuwa imefika kopo kumi na nne. Nilikuandikia mbili mwezi Machi, zilikuwa tano.

Barua yako ya Mei niliipata Jumanne, posta. Niliisoma kwenye benchi la fundi cherehani kuanzia mwanzo hadi mwisho, halafu nikatazama mbele na kuona kwamba ziwa liko pale pale, nyumbani ni ng'ambo, na boti ni ile ile. Kwa mara ya kwanza niliogopa. Nilikwenda kwa yule wa duka. Nikamwuliza, "Kuna mtu anayekwenda kisiwani leo?" Akajibu. Alijibu kwa kirefu, akionyesha kwa kidole barabarani. Mimi niliona midomo inacheza. Ningeweza kumwambia, "Sema tena." Ni maneno mawili tu. Nikatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa, nikamshukuru, nikashuka gatini.

Baadaye ndipo nimejua alichosema. Alisema, "Ngoja hapo, Bibi, Seremala yuko nyuma anapakia mbao, mtaondoka pamoja."

Katikati ya ziwa sakafu ilivuta pumzi chini ya miguu yangu. Siwezi kukueleza vingine. Iliinuka, ikashuka, na maji yakaja mpaka vifundoni, si kwa kumwagika, kwa kupanda tu, kama maji ya kisima. Niliteka. Sikutazama nyuma. Kumbe Seremala alikuwa nyuma yangu anapiga kelele muda wote, "Mwalimu! Zima mashine! Zima!", mpaka watu wa gatini wakamsikia, umbali wote ule. Aliyekuwa hasikii ni mmoja. Niligeuka nilipoona kivuli cha boti yake kimelala juu ya mkono wangu. Akanivuta mimi kwa bega, akaifunga ile boti kwa kamba ikafuata nusu imezama.

Siku ya pili tuliibeba mpaka darasani, yeye, shemeji zake wawili na mimi. Kupima hakukuwa na haja tena. Nilitaka kuona tu. Tumefunga madirisha, tumeweka taa ndani. Fundi, ilikuwa nzuri. Asali, kama ulivyosema, rangi ya asali toka omo mpaka katikati, na mataruma yako nane yamejipanga kama mbavu za kitu kilicho hai. Halafu pale mkukuni weupe ukaanza, mawingu kwa mawingu, mpaka tezi. Nikaweka kiganja. Seremala akagonga. Mbele pigo lilinijia mkononi, moja kwa moja mpaka kiwiko. Nyuma alipiga, nikamwona anapiga, na mkononi hakikuja kitu. Ndipo nikajua jinsi ninavyoishi mwaka wa tatu sasa.

Seremala alikuwa anasema. Nikamwambia, "Sikusikii." Sijawahi kumwambia mtu neno hilo. Akachukua chaki, akaenda ubaoni, akaandika kwa herufi kubwa kama za darasa la kwanza: MWALIMU, KISIWA KIZIMA TUNAJUA. TULIDHANI WEWE NDIYE HUJUI. Nikamwuliza, "Na zile hadithi zako zote?" Akaandika: NILIKUWA NAJUA HUZISIKII. NDIYO MAANA NILIKUWA NAKUSIMULIA ZA SIRI. Akacheka mpaka akakaa chini. Sasa namwomba aziandike, anakataa.

Kwa hiyo ndivyo ilivyo. Simu haikufa. Iko kwenye droo, inawaka taa unapopiga, nami naitazama mpaka izime. Nimeona jina lako likiwaka mara nyingi kuliko ulivyohesabu. Sikio la kulia lilianza mwaka mmoja kabla ya mume wangu kuondoka, la kushoto likafuata. Yeye alijua. Alikuwa ananisemea kwa watu: mtu akiniuliza jambo, anajibu yeye, wanadhani ni mwanamume asiyempa mkewe nafasi ya kusema. Alipoondoka aliondoka na masikio yangu. Sikutaka mtu ajue, kwa sababu mwanamke mzee peke yake kisiwani ni jambo moja, na mwanamke mzee kiziwi peke yake kisiwani ni jambo ambalo watu wanalifanyia kikao. Mficha maradhi kifo humuumbua: methali hiyo nimewaandikisha watoto miaka thelathini na moja. Na ulipouliza habari ya taruma, nikakuandikia jibu ambalo mwanafunzi wangu yeyote ningempa sifuri. Nilijua jibu sahihi, Fundi: juu ya taruma ganda ni gumu, hulia kali, na katikati hulia nzito. Ila niliandika nilichosikia.

Habari ya stendi na basi. Nilikungoja. Sitakuficha hilo. Niliwaambia wapishi waweke sahani moja ya ziada siku ya kwanza, na ya pili. Boti ilipofika kwa lori, wiki ya tatu, watu walisema, "Una mtoto mwema," nami nilisema ndiyo, huku moyoni nikisema ametuma boti ili asije yeye. Nimeichukia boti hii, na nimevuka nayo kila wiki. Sasa umeniambia ulikuwa unaitandika peke yako, siku zile zile nilizokuwa nakungoja. Siwezi kusema hasira imekwisha. Imepungua uzito, hilo naweza kusema.

Kuhusu kibao: umekosa, na kosa lako ni kubwa, watu wawili waliogelea na mimi niliteka maji. Halafu ulikwenda ofisini ukasema, "Ni mimi." Zipo boti ishirini na nne nyingine zilizo nchi kavu leo kwa sababu ya mdomo wako. Hesabu maboya yako bila kuinamisha kichwa. Ufunguo si kila mtu anaupata mara mbili, lakini mikono hawakukunyang'anya.

Kiwanda kimenijibu kwa barua. Nimewaandikia kwamba fomu yangu ya kwanza ilikuwa ya uongo, nimewapa sababu. Wanataka kipande chenye namba kikatwe kipelekwe kwao, na ganda liharibiwe lisitumiwe na mtu mwingine. Nimelikata mwenyewe. Seremala alishika, mimi nikasukuma msumeno, siku mbili. Kwenye tezi nyuzi zilitoka nyeupe, kavu, laini kama nywele za mtoto mchanga. Kipande cha 4417 nimekituma kwao jana. Boti mpya wanasema mwezi wa tisa. Mpaka hapo sina pa kwenda Jumanne, isipokuwa Seremala akiwa na mbao za kuvusha, naye mbao hana kila wiki. Siku ni ndefu. Nakuandikia hivyo kwa kuwa ni kweli, na nimechoka kukuandikia mengine.

Umeuliza kama nitakupokea. Njoo tarehe hiyo uliyotaja. Mlete na Thangathi mdogo, anifundishe kusoma midomo isiyo na meno, nikiweza hiyo nitaweza yote. Kutoka gatini ni njia ile ile, pita shule, nyumba ya tatu. Mchana huwa nimekaa chumba cha nyuma, nimelipa dirisha uso na mlango mgongo.

Ukifika usipige hodi, mwanangu. Sitaisikia. Sukuma mlango, ingia, uzunguke mpaka mbele yangu, usimame hapo nikuone.

Shangazi yako